Mgongo wa Kadi ya Vuli

Katika ofisi ya kamusi, kadi ina uso na mgongo. Usoni huandikwa neno, maana yake, sentensi moja ya mfano, na asili ya neno kama inajulikana. Mgongoni huandikwa shahidi: nani alilisema neno hilo, anafanya kazi gani, ana umri gani, alilisema lini, na chini kabisa sahihi yake au alama ya kidole. Kadi isiyo na mgongo haiingii kwenye droo. Ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa mgeni, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Bi Kadi alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika chumba kimoja chenye madirisha mawili yanayotazama ukuta wa jirani. Droo zake zilikuwa kumi na moja, za chuma, rangi ya kijivu. Alitembea na kalamu mbili, ya buluu kwa ajili ya uso wa kadi na nyeusi kwa ajili ya mgongo, na hakuwahi kuzichanganya. Jina la Bi Kadi alipewa na tarishi wa ofisi, mtu wa maneno mengi. "Huyu mama," tarishi alipenda kuwaambia wageni, "ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza umezisikia kwa nani."

Jumatatu hiyo wafanyakazi wote walikuwa kwenye chai ya saa nne. Mhariri mkuu mpya alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, msomi wa shahada ya juu, na kila mtu alimwita Daktari. Hakuwahi kupaza sauti. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ulilazimika kusogea ili umsikie, na ukishasogea, huwezi tena kujifanya hukusikia.

Daktari alikunjua barua.

"Neno vuli," alisema. "Kuna mwalimu ametuandikia. Wanafunzi walimuuliza jina la majira haya limetoka wapi, akawasomea kamusi yetu. Mwanafunzi mmoja akataka kujua huyo mkulima aliyesema ni nani. Mwalimu hakuwa na jibu. Mimi pia sina."

Akafungua kamusi mahali palipowekwa kipande cha karatasi, akasoma. Vuli, maana ya kwanza, majira ya mvua fupi. Maana ya pili, majira ya nchi za baridi ambapo majani ya miti hupukutika, tazama pukutika. Kisha asili: neno limetokana na kivuli, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo mawingu huyafunika mashamba baada ya jua kali, kwa kauli ya mkulima mmoja, wakulima wa zamani waliposema tumeingia vulini walimaanisha kivulini.

"Ni maelezo mazuri," Daktari akasema. "Waarabu majira yao ya majani kupukutika wameyaita kwa kuchuma matunda. Waingereza wa zamani waliyaita mavuno. Kila watu wana sababu yao, na sababu hizo zina maandishi nyuma yake. Sababu yetu sisi ina mkulima mmoja. Toleo jipya linakwenda kwa mchapaji wiki ijayo, na kabla ya Ijumaa nataka kuuona mgongo wa kadi hiyo na kuongea na shahidi, au na ndugu yake kama ameshafariki. Kadi ni ya Bi Kadi, kwa hiyo najua haitachukua dakika tano."

"Dakika tano zote za nini?" tarishi akadakia. "Bi Kadi shahidi wake anamjua mpaka namba ya kiatu!"

Watu wakacheka. Bi Kadi naye akacheka. Alipotazama chini aliona chai imejaa kwenye kisahani, na hakukumbuka kuimwaga.

Mkulima huyo hakuwahi kuwepo.

Ilikuwa wiki yake ya pili kazini. Kila mkusanyaji alitakiwa kukabidhi kadi ishirini ifikapo Ijumaa jioni, naye alikuwa na kumi na tisa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, hiyo hiyo ya vuli, na barabara ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumwendea. Akaandika vuli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikigonga dirishani. Maana alikuwa nayo. Mahali pa asili angeweza kupaacha wazi, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mhariri mkuu wa siku hizo alipenda sana asili za maneno, na yeye alikuwa mgeni aliyetaka kupendwa. Sentensi ilimjia kichwani ikiwa imekamilika kama imetoka kupigwa pasi. Akaiandika. Kisha akageuza kadi, akaandika: mkulima, mwanamume, miaka sabini hivi. Akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akaweka sahihi ya kupindapinda.

Mhariri mkuu wa zamani aliisoma kadi hiyo kwa sauti mbele ya ofisi nzima, akasema, "Huyu binti ana sikio." Toleo lililofuata likaichapa. Likaja kitabu cha darasa la sita. Siku moja, miaka mingi baadaye, Bi Kadi alikuwa anachambua mchele akasikia mtangazaji wa redio akieleza kwa furaha jinsi vuli ilivyozaliwa na kivuli. Aliinuka akazima redio, na baba yake akamuuliza ana ugomvi gani na yule kijana.

Baada ya kadi hiyo hakuandika nyingine ya uongo. Aliogopa sana. Alipanda ngazi za watu, alikaa jikoni kwa watu, alisubiri fundi amalize kupiga msumari ndipo amuulize, yote ili mgongo wa kila kadi uwe wa mtu aliye hai. Ndivyo alivyopata sifa ya umakini. Sifa yenyewe ilizaliwa na hofu, na ni yeye peke yake aliyelijua hilo.

Kilichomtisha hakikuwa kufukuzwa. Kilichomtisha ni kanuni ya tisa. Kanuni hiyo ilisema mkusanyaji akibainika kuandika kadi moja ya uongo, mtu mwingine atachagua kadi zake kumi bila kuangalia, na mashahidi wake watatafutwa. Zikithibitika zote kumi, droo zake zitabaki. Ikikosekana hata moja, kadi zake zote zinatolewa.

Aliwahi kuiona ikitumika. Kulikuwa na mkusanyaji waliyemwita Mbio kwa jinsi alivyokuwa anajaza kadi. Mbio alianguka kwenye kadi ya tatu. Droo zake tisa zilimwagwa kwenye magunia, na kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri, kadi zikakatwa katikati zikawekwa karibu na simu ili ziandikiwe ujumbe. Kwa karibu mwaka mzima Bi Kadi aliandika "fundi bomba atakuja kesho" juu ya neno ambalo huenda bibi wa mtu alilisema kweli. Mbio alikuwa mwongo, ndiyo, lakini hakuwa mwongo kwenye kadi zote. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutenganisha.

Sasa Bi Kadi alikaa akazitazama droo zake kumi na moja. Mle ndani mlikuwa na watu. Wengi walikwisha kufa. Mama yake alikuwa mle, kadi zaidi ya mia mbili, kwa sababu kabla ya mama kufariki, miaka ishirini iliyopita, Bi Kadi alikuwa akikaa naye kitandani na kuyaandika maneno yake. Aliwaza kadi ya mama imekatwa katikati, imewekwa karibu na simu.

Jumanne, wenzake walipokwenda kula, alivuta droo ya V. Kadi ilikuwa pale pale, imekuwa ya manjano pembeni. Aliitia kati ya kurasa za daftari, daftari akalitia mkobani. Kadi haitoki nje ya jengo. Hiyo ni sheria ya pili. Jioni alipofika getini mlinzi akanyoosha mkono kama kila siku.

"Fungua tuone leo umetuibia nini," mlinzi akasema.

Ulikuwa utani wake wa miaka yote. Bi Kadi alisikia masikio yakivuma. Alifungua mkoba. Mlinzi akatazama mwavuli, kikasha cha chakula, daftari.

"Mbona unatoka jasho, dada? Malaria hiyo. Kapime."

"Nitapima," akajibu, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa na miaka sabini na sita, fundi wa mapaa aliyestaafu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na kelele za nyundo na mabati, kwa hiyo ulizungumza naye ukiwa upande wa kulia. Bi Kadi aliiweka kadi mezani akaenda kufungua dirisha ili apate hewa, na aliporudi alimkuta baba ameishika, ameisogeza mbali na macho.

"Huu mwandiko wako," baba alisema. "Vuli. Hili neno nami nalijua. Vuli mimi sikungoja mawingu, nilingoja simu. Watu wakianza kupiga, fundi njoo, dari inalia, najua imefika." Akageuza kadi. "Na huyu mkulima ni nani?"

"Hakuna."

"Amekufa?"

"Hakuna, baba. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga."

Baba akaiweka kadi chini polepole. Bi Kadi akamweleza yote akiwa amesimama upande wa sikio la kulia: mvua, kadi ya ishirini, mkono wa kushoto, Mbio, kanuni ya tisa, Ijumaa.

"Na za mama yako zimo humo?"

"Zote."

Mzee alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Miaka ishirini na sita iliyopita nilikuwa na hamsini. Wewe umeandika sabini. Nitasema nilizeeka mapema."

"Baba, hapana."

"Nimeezeka nyumba ngapi? Nimepanda mapaa mangapi yaliyooza? Nitashindwa kupanda hili?"

"Baba, nakuomba. Usifanye hivyo. Nitatafuta njia mwenyewe."

Njia haikupatikana. Jumatano Daktari alipita mezani kwake mara mbili. Mara ya pili akainama. "Bi Kadi, ile kadi nimeitafuta kwenye droo. Sijaiona."

"Nitaitafuta. Huenda ilirudishwa vibaya."

"Kwako? Irudishwe vibaya?" Daktari akatabasamu, na Bi Kadi hakuweza kujua ni tabasamu la utani au la mtu aliyekwisha jua. Mchana kutwa kila mlango uliofunguliwa ulimshtua. Aliandika tarehe ya jana kwenye kadi mbili. Alijaribu kukumbuka kama kweli ni kadi moja tu. Zilikuwa elfu kumi na mbili na ushee. Je, kama siku nyingine ya uchovu aliwahi kujaza umri wa mtu kwa kukisia? Je, kama aliwahi kurefusha sentensi ya mtu ili ipendeze? Kadiri alivyojihoji ndivyo alivyozidi kutojiamini, mpaka akaanza kuziogopa droo zake mwenyewe, kana kwamba zimejazwa na mtu asiyemjua.

Alhamisi, saa nne kasorobo, alisikia sauti ya tarishi kwenye korido. "Karibu mzee, pita, pita. Bosi, shahidi wa Bi Kadi amekuja kwa miguu yake mwenyewe! Niliwaambia!"

Bi Kadi aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la kijivu, lile la kwenda nalo kwenye harusi za watu.

Hakuna mtu ofisini aliyewahi kumwona mzee huyo. Daktari alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti, akaketi upande wa pili na karatasi. Bi Kadi alibaki mezani kwake, hatua sita kutoka hapo.

"Mzee, unakumbuka kuhojiwa kuhusu neno vuli?"

"Kama jana," baba akasema kwa sauti ya kiziwi, ofisi nzima ikasikia. "Nilikuwa nimesimama shambani kwangu. Akaja binti, mpole, ana kalamu mbili. Nikamwambia, mwanangu, sisi wakulima tukisema vulini, tunasema kivulini. Mawingu hayo."

"Shamba lilikuwa la nini?"

"Mahindi."

"Kubwa?"

"La kutosha. Futi thelathini kwa ishirini."

Kalamu ya Daktari ikasimama. Tarishi, aliyekuwa ameegemea kabati, alifungua mdomo kisha akaufunga. Hata yeye alijua huo ni ukubwa wa paa, si wa shamba.

"Sawa," Daktari akasema kwa ile sauti yake ndogo. Akamsogezea mzee karatasi na kalamu. "Weka sahihi yako hapa, tuilinganishe na ya kwenye kadi itakapopatikana."

Baba akashika kalamu. Mkono wake wa kazi, wenye makovu ya mabati, ukashuka juu ya karatasi. Bi Kadi aliuona mkono huo na akajua kwamba ataandika. Ataandika chochote, atapindapinda kama alivyopindapinda yeye, na watakuwa waongo wawili.

"Baba, acha."

Alikuwa amesimama.

"Huyu ni baba yangu," alimwambia Daktari. "Hajawahi kulima. Hakuna mkulima. Asili ile niliitunga mimi." Akafungua mkoba, akatoa daftari, akatoa kadi. "Na kadi niliitoa nje ya jengo juzi."

Daktari alichukua kadi, akasoma uso, akageuza, akaitazama ile sahihi kwa muda mrefu.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimebakiza kadi moja. Na mvua ilikuwa inanyesha."

"Basi?"

"Basi. Sina sababu nyingine."

Daktari aliondoa miwani. "Swali hili lilitoka kwenye mtihani wangu wa kidato cha pili," alisema. "Eleza asili ya neno vuli. Niliandika yote, mpaka wakulima. Nilipewa alama zote." Akavaa miwani. "Unaijua kanuni ya tisa."

"Naijua."

"Kesho saa tatu."

Jioni hiyo, njiani kurudi, baba alitembea kushoto kwa Bi Kadi ili sikio lake zima liwe kwa binti yake. "Nimekuharibia," akasema.

"Hukuniharibia. Ila baba, ukiulizwa tena jambo lolote, usinisaidie. Sema kweli tu."

"Na kweli ikikuumiza?"

Bi Kadi alimshika mkono wakavuka barabara.

Ijumaa simu iliwekwa katikati ya meza kubwa, kwenye spika. Bi Kadi aliambiwa aketi mwisho wa meza, mikono ikiwa juu ya meza, asitamke neno wala kutoa ishara. Tarishi alipewa kazi ya kuchagua kadi. Akafunga macho, akafungwa na leso juu yake, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha wowote. Alivuta droo moja baada ya nyingine na kutoa kadi kama mtu anayetoa miba.

Daktari alizipanga kumi mbele yake, akazikinga kwa mkono ili Bi Kadi asizione.

Muuguzi mstaafu alipokea simu ya kwanza. Alikumbuka, akaeleza neno lake kwa maneno yale yale, akauliza kama kamusi imeshatoka maana ameingoja miaka kumi. Ya pili ikapita, ya tatu. Kwenye ya tatu Bi Kadi alimkumbuka Mbio, akaanza kuhesabu pumzi. Ya nne alikuwa mjane wa fundi baiskeli. Akacheka, akasema ndiyo, marehemu alilipenda hilo neno, alinitukana nalo. Ya tano ikapita.

Ya sita alikuwa seremala. "Mimi?" sauti nzito ikasema. "Sijawahi kuongea na mtu wa kamusi maishani mwangu."

Bi Kadi alimkumbuka seremala huyo. Alikumbuka karakana, harufu ya gundi, paka juu ya mbao. Au aliviota?

"Una hakika, bwana?" Daktari akauliza.

"Hakika kabisa. Nina kazi mimi, sina muda wa..."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikapasua spika: "We mwanaume we! Si yule dada aliyekalia maranda akachafua sketi, ukamfundisha majina ya kila taka ya randa! Ukanisahaulisha na chakula jikoni, ubwabwa ukaungua!"

"Aa!" seremala akasema. "Yule! Mbona hukusema ni yule? Nilidhani mtu wa ofisini. Andika, andika. Maranda."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Bi Kadi hakucheka. Alikuwa anazitazama kucha zake zilivyogeuka nyeupe.

Ya saba. Ya nane. Ya tisa.

Daktari alichukua ya kumi, akaisoma usoni, akageuza.

"Shahidi wa hii ni mfagizi wa shule," alisema. "Miaka hamsini na mbili. Alama ya kidole. Amefariki." Akamtazama Bi Kadi. "Ndugu wa karibu wa kuulizwa ni mume wake."

Akabonyeza namba. Bi Kadi aliufungua mdomo, Daktari akainua kidole, akaufunga.

Simu iliita mara sita. "Haloo!" baba akapiga kelele.

"Shikamoo mzee. Ni Daktari wa ofisi ya kamusi."

"Marahaba. Jibu ni ndiyo."

"Sijauliza bado."

"Ukiuliza, jibu ni ndiyo. Andika."

Bi Kadi alifumba macho. Mzee huyu asiyejua kusaidia ila kwa kupanda juu ya kila kitu. Droo zote kumi na moja zilikuwa zimesimama juu ya mdomo wake, naye hata hakujua.

"Mzee, ndiyo haitoshi," Daktari akasema, kwa sauti kubwa kidogo safari hii. "Nina kadi ya marehemu mkeo. Siruhusiwi kukusomea. Nitakutajia neno, nawe uniambie alilisemaje. Kama hukumbuki, sema hukumbuki."

"Neno gani?"

"Kupukutika."

Laini ilikwaruza. Kisha sauti ya kiti kikivutwa. Ilipita muda mrefu kiasi kwamba Daktari alinyoosha mkono kuangalia kama simu imekatika.

"Hilo silitaki," baba akasema.

"Pole, mzee. Lakini ni hilo."

"Binti yangu amenikataza kumsaidia. Amesema niseme kweli."

"Ndiyo, sema kweli."

"Kweli ni kwamba sikumbuki maana. Mimi si mtu wa maana." Akakohoa. "Mke wangu alikuwa mfagizi. Pale shuleni kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu, ukianza kuangusha majani, hafagii. Anakaa pembeni anaungoja umalize. Sasa alipougua, zile dawa zikamtoa nywele. Mto umejaa nywele, shuka imejaa. Mimi nikachukua ufagio, nifanyeje, sikuweza kuziona pale. Akanishika mkono. Akasema..." Laini ikakwaruza tena. "Akasema, ngoja zipukutike zote kwanza. Mimi sifagii mara mbili. Na akacheka, unajua. Alicheka kweli. Basi, hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kama siyo yaliyoandikwa hapo, basi siyo."

Daktari aliigeuza kadi, akaiteleza juu ya meza hadi mbele ya Bi Kadi, uso ukiwa juu. Ulikuwa mwandiko wake wa buluu wa miaka ishirini iliyopita. Pukutika: anguka moja moja kwa wingi, hasa majani au nywele. "Ngoja zipukutike zote kwanza. Mimi sifagii mara mbili."

Tarishi alijifanya anatazama ukuta wa jirani.

Daktari akaweka kadi nyingine juu yake, ile ya manjano, pamoja na rula na kalamu nyekundu. "Droo zinabaki," alisema. "Hii uifute wewe mwenyewe. Na mwalimu utamwandikia wewe, leo, kwa jina lako. Vitabu vya darasa la sita sijui tutafanyaje. Hilo linanitisha hata mimi."

Bi Kadi aliweka rula katikati ya sentensi ile iliyomjia ikiwa imepigwa pasi. Aliikata, kalamu ikateleza, mstari ukapinda licha ya rula. Alipotaka kuurudia, Daktari akasema, "Uache hivyo hivyo." Akaandika chini yake: Asili haijulikani. Kisha akageuza, akakata sahihi ya mkono wa kushoto, akaandika: Shahidi hakuna. Akaweka sahihi yake ya kweli na tarehe.

Katikati ya meza simu ilikuwa bado iko wazi.

"Haloo?" baba alipiga kelele. "Bado mpo? Mbona kimya? Nimesema sawa, au nimemharibia mtoto?"

Daktari alimtazama Bi Kadi, akamwashiria kwamba sasa anaweza kusema. Bi Kadi akavuta kiti karibu na spika.

"Tupo, baba," akasema. "Umesema kama alivyosema."